Ombi Ambalo Halikutumwa

Mimi ni dobi. Kwa miaka ishirini na sita nimefua na kunyoosha mashuka ya hospitali, na katika darasa la jioni nilikojifunza kutengeneza kurasa za tovuti, vijana waliniita Mzee Pasi tangu wiki ya kwanza. Sikuchukia. Nilikuwa na miaka hamsini na tatu, na mwanafunzi aliyenifuata kwa umri alikuwa na ishirini na tisa. Mwalimu mwenyewe alikuwa rika la binti yangu wa mwisho, ila alipoingia nilisimama, maana mwalimu ni mwalimu.

Kila jioni kabla ya kuwasha kompyuta nilifumba macho nikaomba. Niliomba nielewe, na nilipoanza kuelewa niliomba nisijivune. Hilo la pili sikuliomba kwa bidii ya kutosha.

Kazi ya mwisho ya kozi ilikuwa kutengeneza kitu kitakachotumiwa na watu halisi. "Sitaki duka la kubuni la viatu vya kubuni," mwalimu alisema. "Nataka mtu wa kweli abonyeze, akasirike, aje akulalamikie. Hapo ndipo mtajifunza."

Siku hiyo hiyo nilijua nitatengeneza nini.

Kanisani kwetu kuna kikundi cha maombi cha watu watano. Kiongozi ni dada yangu, tumbo moja, ananizidi miaka tisa na ndiye aliyenilea. Yupo Katibu, mama mstaafu aliyekuwa karani wa shule na bado anazungumza kama anasoma orodha ya majina. Yupo Dereva, mzee aliyeendesha malori hadi macho yakamkatalia. Yupo Fundi, anayeshona nguo karibu na lango la kanisa. Wa tano ni mimi. Mlangoni kulikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli. Mwenye shida aliandika kwenye karatasi, akaikunja, akaitumbukiza. Dada alikuwa na ufunguo, ameuvaa shingoni kwa uzi mweusi, na kila Ijumaa saa kumi na moja jioni alifungua sanduku, tukasoma, tukaomba, kisha tukachoma karatasi zote ndani ya debe nyuma ya ukumbi. Hapakubaki nakala. Hapakubaki jina. Dada alikuwa mkali sana juu ya hilo. Mara moja Katibu alitaka kuweka daftari la kumbukumbu, na dada alimtazama mpaka akasahau alichotaka kusema.

Mimi nikatengeneza fomu. Kisanduku cha jina, ambacho mtu angeweza kukiacha wazi, kisanduku kikubwa cha ombi, na kitufe kilichoandikwa Tuma. Mtu angeweza kuifungua kwenye simu yake, na kwa wasio na simu za kisasa tuliweka kompyuta kuukuu katika chumba kidogo chenye pazia, kando ya ofisi ya kanisa. Maombi yalifika kwenye ukurasa uliofunguliwa na sisi wanakikundi peke yetu, na tukishaomba nilibonyeza kitufe kimoja yote yakafutika. Nilimweleza dada kwamba hicho ndicho debe letu la moto. Aliitikia kwa kichwa polepole.

"Sawa," alisema. "Kama unachoma, sawa."

Wiki ya kwanza Ijumaa tulikuta goti la bibi mmoja limeombewa mara saba. Maneno yale yale, nukta zile zile. Bibi alikuwa ametuma, akaona ukurasa haujabadilika, akaubonyeza ujipakie upya ili ahakikishe, na kila alipoupakia upya ombi lilitumwa tena.

"Goti hilo," alisema Dereva, "likipona litakimbia lenyewe bila mwenye nalo."

Tulicheka mpaka dada akapangusa macho. Darasani mwalimu alinionyesha dawa: mtu akishatuma, mpeleke ukurasa mwingine wenye neno la shukrani, ili hata akipakia upya, kinachorudiwa kiwe ni shukrani tu. Nilirekebisha usiku uo huo, nikaona nimekuwa fundi.

Wiki ya pili aliyeumia ni Dereva mwenyewe. Alikaa nyuma ya pazia akiandika kwa kidole kimoja, dakika arobaini nzima, akitafuta kila herufi kama mtu aliyeangusha sindano. Mtandao ukakatika, ukurasa ukajipakia upya, kisanduku kikarudi cheupe. Nilimkuta ameshika kofia yake mapajani.

"Yamekwenda," aliniambia.

"Andika tena mzee wangu, nitakusaidia."

"Hapana. Yalikuwa yanatoka mara moja tu hayo." Akainuka. "Labda hakutaka kuyasikia."

Neno lile lilinichoma. Mzee amekusanya ujasiri wa mwaka mzima, halafu ukurasa wangu unamfundisha kwamba Mungu hamtaki. Kesho yake nilimuuliza mwalimu kama kuna njia ya kuzuia maneno yasipotee. Alisema ipo. Kila herufi mtu anayoandika, unaiweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta ile ile, na ukurasa ukifunguka tena unayarudisha maneno mahali pake. Kisha akasema jambo ambalo niliandika kwenye daftari langu na kulipigia mistari miwili: *Ukihifadhi, ujue ni lini unafuta.*

Nililijua jibu. Nafuta mtu akishatuma. Ombi limefika, nakala ya nini tena? Nilijaribu mara nyingi. Niliandika maneno, nikapakia ukurasa upya, yakarudi. Nilizima kompyuta, nikaiwasha, yakarudi. Nilituma, yakafutika. Nilipiga magoti nikashukuru. Nilimwita Dereva aje ajaribu, akaandika jina lake, nikaufunga ukurasa mbele ya macho yake, nikaufungua.

"Limerudi," alisema, akaligusa jina lake kwenye skrini kwa kile kidole. "Mzee Pasi, wewe si mchezo."

Nakiri kwamba neno hilo nililibeba kutwa nzima kama peremende mdomoni.

Siku chache baadaye Fundi alinisimamisha langoni, tepu ya kupimia iko shingoni.

"Ile mashine yako," alisema, akishusha sauti, "nilipoifungua nilikuta mtu ameandika habari za mtoto wake. Mambo mazito. Nikafuta."

"Labda alisahau kutuma," nilimjibu.

"Labda."

"Basi umefanya vizuri kufuta."

Nikaenda zangu. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Mtu mzima, mwenye akili zake, alikuwa ameniambia kwa mdomo wake kwamba amesoma siri ya mwingine kwa mkono wangu, na mimi nikasema labda. Niliwafikiria wanaotuma. Niliwafikiria wanaokatiwa na mtandao. Hata mara moja sikumfikiria anayeandika akaghairi, akafunga ukurasa akidhani kuufunga ni sawa na kukunja karatasi na kuitia mfukoni.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi mwalimu alikuja kanisani kunipa alama. Nilikuwa nimevaa shati nililolinyoosha mara mbili. Tuliitoa kompyuta kwenye chumba kile tukaiweka ukumbini, tukaiunganisha kwa waya na runinga kubwa ya ukutani ili wote waone. Dada alikaa mstari wa mbele kwa kuwa mimi ni mdogo wake. Katibu alikuwa na kalamu mkononi. Fundi na Dereva walikaa pamoja, na mwalimu alisimama ubavuni, heshima ya ugenini.

Nilifungua kwa sala fupi. Kisha nikafungua ukurasa.

Kisanduku hakikuwa kitupu. Juu ya ukuta, kwa herufi kubwa kama sahani, palikuwa pameandikwa hivi:

*Baba, leo siombi kwa ajili ya mtu. Nimechoka. Tangu mwaka juzi nafungua mdomo na maneno yanatoka yenyewe kama maji ya bomba, lakini ndani hamna mtu. Wao wanaitika amina, mimi najiona mwizi. Mama alikuwa akiomba huku anasugua masufuria na nilijua anaongea na mtu. Mimi sina wa kuongea naye. Nikisimama mbele yao naona aibu, nikikaa naona aibu.*

Mahali pa jina palikuwa wazi.

Darasani, mtu akikwama, vijana wote huimba: pakia upya. Ukurasa umeganda, pakia upya. Picha haionekani, pakia upya. Mkono wangu ulikuwa umezoea hivyo, ukafanya kabla sijaufikiria. Ukurasa ukawa mweupe, nikavuta pumzi, na maneno yakarudi. Nikabonyeza tena. Yakarudi. Mara ya tatu nilibonyeza kwa nguvu, kama nguvu ingesaidia. *Baba, leo siombi kwa ajili ya mtu.* Mara ya nne jasho lilinidondokea kwenye kibodi. Kazi yangu ilikuwa inafanya sawasawa kama nilivyoiomba kwa Mungu ifanye, bila kukosa hata herufi moja, na ilikuwa inawasomea watu wale kwa mara ya tano.

"Funga tu, Mzee Pasi," Fundi alisema taratibu. "Au futa kwa mkono."

Sikuweza kukipata kitufe cha kufutia. Nakijua kilipo, nakibonyeza kila siku, na sikukiona. Mwalimu ndiye aliyepita nyuma yangu akachomoa waya wa runinga. Ukuta ukawa mweusi.

Nilimtazama dada. Alikuwa ameinamia mikono yake, na vidole vya mkono mmoja vilikuwa vimeshika ufunguo kifuani, ule wa sanduku ambalo nilikuwa nimelifanya halina kazi. Mama yetu alisugua masufuria nje ya mlango wa jiko, kwa majivu, na aliomba kwa sauti ya kawaida, kama anayepiga soga na jirani. Sisi wawili tu ndio tunaolijua hilo.

"Sasa," alisema Katibu, "hii imeandikwa na nani? Maana anasema anasimama mbele ya watu."

Aliuliza bila ubaya. Ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe na jina. Lakini niliona macho ya Dereva yanaanza kusafiri kuelekea mstari wa mbele, na mdomo wangu ukafunguka.

"Ni mimi," nilisema. "Maneno yangu hayo. Niliandika juzi nikasahau kuyaondoa."

Nilisema uongo ndani ya nyumba ya ibada, saa nne asubuhi, mbele ya mwalimu wangu.

Dada hakuinua kichwa. Katibu aliweka kalamu chini. Dereva alikuja mpaka nilipokuwa, akaniwekea mkono begani, mkono mzito wa mtu aliyeshika usukani miaka arobaini. "Kumbe ndugu yetu unateseka," alisema, "na sisi tunacheka na magoti." Fundi naye akaja. Wakanikalisha kwenye kiti, wakanizunguka, na kwa desturi yetu kiongozi ndiye anayeomba.

Basi dada aliinuka akaja akaniwekea mkono kichwani. Alianza vizuri kama siku zote. Anaomba vizuri dada yangu. Watu hutoka mbali kuja kumsikiliza. Aliniombea mimi, kwa jina langu, kwamba niliyechoka nipewe nguvu, na niliyejiona peke yangu nipate wa kuongea naye. Kila neno lilikuwa limenyooka. Na mkono wake juu ya kichwa changu ulikuwa baridi, na waliotuzunguka waliitika amina kila aliposhusha sauti. Mimi sikuitika.

Mwalimu alinisubiri nje. Hakunipa alama siku hiyo.

"Ulifuta lini?" aliniuliza.

"Mtu akishatuma."

"Na asipotuma?"

Nilitazama viatu vyangu. Alikuwa na umri wa binti yangu na nilijibu kama mtoto aliyevunja sahani.

"Sikumfikiria huyo, mwalimu."

"Iondoe leo," alisema. Kisha akaongeza: "Mimi pia nilipaswa kukuuliza kama kompyuta inatumiwa na watu wengi. Sikukuuliza." Akaenda, mkoba begani, hatua ndogo ndogo.

Niliiondoa mchana ule ule, na sanduku la mbao nikalitoa kabatini nikalirudisha mlangoni. Mwenyewe nilidhani nimemaliza.

Lakini uongo haukuniacha. Dereva alianza kunipigia simu kila siku saa kumi na mbili alfajiri kunitia moyo. Fundi aliniletea kitambaa alichonidarizia neno *Yupo*. Jumapili Mchungaji alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida, nikajua Katibu ameshatoa taarifa. Watu walinionea huruma ambayo haikuwa yangu, na niliipokea kwa mikono miwili, kwani ningeirudishaje? Nilipopiga magoti jioni sikupata la kusema. Mimi ambaye nimeomba tangu nikiwa na miaka sita, nilipiga magoti kando ya kitanda nikahesabu misumari ya sakafuni.

Jumatatu dada alikuja kazini kwangu. Hakuwahi kuja pale. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha kunyooshea, mvuke umejaa, mkoba ameukumbatia, na wenzangu wakamwamkia kwa heshima, wakasogea upande wa mashine za kufulia.

Kwenye meza kulikuwa na rundo la mashuka. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja vizuri. Dada aliweka mkoba dirishani, akashika pembe mbili bila kuambiwa, mimi nikashika mbili, tukalinyoosha katikati yetu kama tulivyokuwa tukifanya nyumbani.

"Ulijuaje ni mimi?" aliuliza.

"Masufuria."

Tulisogeleana, pembe zikakutana, nikampa zangu, nikainama kushika mkunjo.

"Ulikuwa mdogo. Sikujua unakumbuka."

"Nakumbuka, dada."

"Alikuwa anamwambia mpaka bei ya vitunguu." Karibu atabasamu. Halafu tabasamu likaondoka. "Unajua, siku ile, Alhamisi, nilikwenda kufagia kile chumba. Nikaona mashine iko wazi, nikakaa. Nilitaka tu kuona inakuwaje nikisema. Niliandika, nikasoma, nikafunga. Nikaona imetoweka. Nilirudi nyumbani mwepesi, nikalala kama mtoto. Usiku mmoja."

"Nisamehe, dada. Niliiweka ile kwa ajili ya watu wasipoteze maneno yao."

"Mimi nilitaka kuyapoteza."

Tulichukua shuka jingine. Alilikung'uta kwa nguvu mpaka likapiga kama kofi.

"Na Jumamosi nilitaka kukusitiri," nilisema. "Niliona Dereva anageuka."

"Nilikuona."

"Sikuwa na njia nyingine."

"Ulikuwa nayo. Ungenyamaza. Ningeamua mwenyewe, niseme au nisiseme. Pengine nisingesema. Lakini ingekuwa ni mimi niliyenyamaza." Alikuja na pembe zake mpaka mbele yangu, na kwa karibu hivyo niliona amezeeka. "Sasa nikisema ni mimi, nakufanya mwongo mbele ya kanisa zima. Nikinyamaza, nimekuacha unaombewa ugonjwa wangu, na mimi mwenyewe ndiye ninayekuombea. Umewahi kuona mambo hayo? Nimekushika kichwa nikaombea aibu yangu kwa jina lako, wote wakaitika amina."

Sikuweza kumtazama.

"Mdogo wangu," alisema, bila hasira sasa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Sikukuomba unihifadhie. Ile ya kwanza sikukuomba, na hii ya pili sikukuomba. Wewe unapenda kuwawekea watu vitu bila kuwauliza. Tangu utotoni. Ulinifichia barua zangu ili mama asizione, ukasahau ulikozificha."

Nikacheka bila kutaka, naye akacheka, na kicheko kikageuka nusu njia. Alipangusa uso kwa ncha ya shuka safi. Shuka lile ililazimu nilirudishe likafuliwe.

"Dereva ananipigia simu kila alfajiri," nilimwambia. "Leo kaniimbia."

"Kakuimbia?"

"Beti tatu."

"Hizo zilikuwa zangu," alisema. "Nina haki nazo."

Tulimaliza rundo zima. Alipochukua mkoba wake nilimuuliza anataka nifanye nini, na lilikuwa swali la kwanza nililomuuliza katika jambo lile lote.

"Ondoa uongo wako Ijumaa," alisema. "Wa kwako tu. Wangu usiuguse."

Ijumaa saa kumi na moja tulikuwa watano kama kawaida. Sanduku lilikuwa na karatasi sita. Dada alivua ufunguo, akafungua, akaweka karatasi mezani, lakini kabla hajakunjua ya kwanza nilisimama.

"Nina neno," nilisema. "Yale maneno ya ukutani hayakuwa yangu. Nilisema uongo. Aliyeyaandika hakuyatuma, na hakutaka mtu ayaone. Ukurasa wangu ndio uliomtoa nje. Fundi aliwahi kunionya na sikumsikiliza. Mmekuwa mkiniombea na kunihurumia bure wiki nzima, nami nimepokea. Naomba msamaha. Yaliyobaki si yangu kuyasema."

Nilikaa. Fundi alikuwa ameweka mkono mdomoni. Katibu alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikifunga bila kuuliza jina.

"Hata zile simu?" alisema Dereva.

"Hata zile simu, mzee wangu."

"Na wimbo?"

"Na wimbo."

Aliitafakari hiyo, akitazama kofia yake. Mimi nilikuwa nimekaza macho kwenye ubao wa meza, kwa kuwa niliapa sitamtazama dada, wala kwa bahati mbaya, na shingo ilikuwa inauma kwa kujizuia. Kama asingesema kitu, ningemheshimu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo siku nne.

Nilisikia kitu kidogo cha chuma kinawekwa mezani.

"Ni yangu," alisema dada. "Maneno yale ni yangu. Na ufunguo ushikwe na mwingine kwanza, mpaka nione."

Akakaa. Hakulia wala hakueleza. Aliweka mikono mapajani kama mtu aliyefika zahanati na anangoja kuitwa.

Ningependa kuandika kwamba mmoja wetu alisema neno zuri. Hatukusema. Fundi alianza kusimama akakaa. Mimi aibu ilinipanda upya, nzima, kama siku ile ya runinga, kwa sababu nilifahamu kwamba kama si mimi, dada angelisema jambo hili kwa wakati wake, au asingelisema kamwe, na lingekuwa lake. Hata ujasiri wake nilikuwa nimemnyang'anya mwanzo wake.

Dereva alikohoa.

"Mimi yangu yalipotea," alisema, "na sijayaandika tena. Kwa hiyo siwezi kumshangaa mtu." Akasogeza kiti chake kikapiga kelele sakafuni, mpaka kikawa kando ya kiti cha dada. "Leo tusiombe kwa sauti. Tukae tu."

Tukakaa. Kila mmoja alisoma karatasi yake kimya, akampa mwenzake. Kisha tukatoka nyuma ya ukumbi, tukazichoma sita zote kwenye debe, na dada alisimama akitazama mpaka majivu yakawa meupe. Ufunguo alikuwa nao Fundi, ameufunga kwenye tepu yake.

Dada bado hajaanza kuongoza. Anakuja, anakaa karibu na Dereva, anaondoka. Sijamuuliza kama amepata wa kuongea naye. Hilo si langu.

Mwalimu alinipa alama mwishoni, za katikati, na nilizistahili. Fomu ipo bado, watu wa simu wanaipenda. Nimeongeza mstari mmoja chini ya kisanduku: *Ukikatizwa, ungependa maneno yako yakungoje?* Mtu asipojibu, hayamngoji. Kwenye kompyuta ya chumba cha pazia swali hilo halipo kabisa.

Na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini napita pale. Nafungua ukurasa, naandika neno lolote, naufunga, naufungua. Napakia upya. Kisanduku kinarudi kitupu. Napakia tena, jumla mara nne, idadi ile ile ya siku ya runinga, na kila mara katika sekunde ile ya weupe nayangoja maneno yake yatokee. Kisha nazima, nainamisha kichwa pale kwenye kiti, na ninachoweza kusema siku nyingi ni nisamehe tu.